Naomba ushauri: MGB ya 1972, ninunue au niachane nayo?

Wakuu habari zenu, mimi niko Birmingham huku Uingereza, nimepata MGB ya wazi ya 1972 (gari dogo la michezo la Kiingereza), bampa za kromu, rangi inang'aa balaa, na jamaa anayeuza anasema gari ni la hukuhuku tangu litoke kiwandani Abingdon. Sasa namba ya chesisi inaanza na GHN5UC na hiyo U ni ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, maana yake usukani ulikuwa kushoto mtu akauhamishia kulia. Risiti za ukarabati nimeomba, nimeonyeshwa ya rangi tu na vipicha viwili vitatu. Nikapitisha sumaku kwenye vyuma vya chini ya milango, ndo MGB zinakoozea, upande wa dereva haishiki kabisa, puti tupu, na gari hili halina fremu ya peke yake hivyo vyuma ndo vinalibeba. Rekodi za MOT (ukaguzi wa lazima wa magari huku) mtandaoni hazisaidii, likishapita miaka 40 halilazimiki kukaguliwa.

Swali, hiyo historia ya Marekani itanishushia bei sana nikija kuliuza? Na kwa waliowahi kubadilisha hivyo vyuma, fundi wa kuchomelea alifanya bila milango kugoma kufunga?