Kaye, Google Sheets ao Loyverse kwa stoki ya buji za kunukia? (Goma)

neema_himbi
Bandugu habari zenu. Niko na kabiashara kadogo ka buji za kunukia hapa Goma, nauzisha ku WhatsApp na Instagram tu, sina butiki. Mpaka leo naandika komande zote ku kaye lakini imenishinda, wiki iliyopita nimeahidi lavande kwa bakliya wawili na ilikuwa imebakia moja, ule wa pili amenitukana mpaka nikazima telefone. Nataka nichague hii wiki: kubakia na kaye lakini niipange vizuri, ao Google Sheets, ao Loyverse (ile apu ya kuuzia ya butiki), na kuko kaka mmoja anasema Shopify ndiyo ya kisasa. Ni gani inafaa?

papa_stoki
Dada hujatuambia kitu. Komande ngapi kwa mwezi? Unajibu bakliya peke yako ao muko wangapi? Uko na ordinatere ao ni telefone tu? Wanalipa mbele ao wanalipa motari akifika? Bila hayo kila mutu atakuambia kile anachopenda yeye.

ibanda_boy
Loyverse, mambo imeisha. Mi naitumia ku butiki ya vipodozi Bukavu. Ni bure, intaneti ikikatika unaendelea kuuza, ikirudi inajipeleka yenyewe.

papa_stoki
Hiyo ni ya mutu mwenye ananunua sabuni 50 anauza sabuni 50. Yeye anatengeneza. Kunaingia nta, utambi, parfe na bokali, kunatoka buji. Ile sehemu ya Loyverse ya kufuata utengenezaji ni ya kulipia kila mwezi. Ulijua?

ibanda_boy
Si aandike tu buji zenye zimekwisha kutengenezwa, nta ahesabu na macho.

papa_stoki
Na macho 😂

mtoto_wa_tanga
Samahani wadau, naomba kuuliza, buji ndiyo nini?

ibanda_boy
Mushumaa, kaka. Karibu Kongo.

mama_kadutu
Niache niwaelezee yenye ilinipata mwaka jana, juu naona munagombania programu na mimi si programu iliyoniangusha. Nilikuwa na komande ya ndoa, buji 80 nyeupe za bokali ndogo, avansi nusu imeingia ku M-Pesa, natoa Jumamosi asubui. Nikazimwaga wiki mbili mbele, maana nta ya soya inataka kupumzika, ukiiwasha haraka harufu haitoki vizuri. Nikazipanga ku etajere, nikaandika ku kaye "80 NDOA" na kalamu nyekundu, nikafunga kaye ndani ya kabati, nikaenda na mambo ingine. Sasa mudogo wangu naye alikuwa anauzisha ku telefone yake, anaangalia etajere anaona imejaa, anauza moja, anauza tatu, nafikiri alijiona mufanya biashara mukubwa. Ijumaa jioni nahesabu: 58. Nikahesabu tena na kidole. 58. Nikatoka mbio sokoni, soya hakuna, nikachukua nta ya parafini, usiku mzima nayeyusha na ile parfe iliyobakia chini ya chupa. Asubui ziko zote nyeupe lakini hazifanani, zile za soya ni kama maziwa, zile ingine zinapitisha mwanga kama barafu. Shangazi wa bibi harusi akanyosha mukono, kati ya 80 akachukua moja ya zile 22, akawasha mbele ya watu, akanusa, akaniambia polepole: "Mama, hii inanuka koroboi." Nilirudisha dola 60. Na kaye ilikuwa sawa kabisa, haikukosea hata namba moja. Ilikuwa kabatini tu.

ibanda_boy
"Inanuka koroboi" 😭😭 pole yaya

neema_himbi
Pole sana mama, umenitia woga. Papa_stoki nisamehe, kwa mwezi ni komande kama 40, mwezi wa 12 na kuelekea 14/2 zinapita mara mbili. Harufu tano, bokali za saizi mbili. Ordinatere iko lakini ni ya dada. Avansi wengine wanatoa, wengine hapana. Na najibu peke yangu.

neema_himbi
Kusema ukweli kuko na mudogo wangu, yeye anajibu ku namba ingine nikiwa kazini.

mama_kadutu
Ahaa!! Mudogo! Njo yule yule.

papa_stoki
Basi hapo ndiyo shida iko, hata ungeweka programu ya dola elfu. Kwanza muweke namba moja ya WhatsApp Business, inakubali kuunganisha vyombo vingine mpaka vine, yeye na wewe muone mazungumzo yale yale. Iko na etiketi za rangi mpaka 20 unazibandika ku kila kliya: amelipa, inatengenezwa, iko kwa motari. Hiyo ni bure. Halafu Google Sheets, mistari ni harufu zako, na pembeni namba tatu tu: zenye ziko ku etajere, zenye zimeshikwa na avansi, na zenye unaweza kuuza. Ile ya tatu ni ya kwanza kutoa ya pili. Mudogo haruhusiwi kuangalia etajere, anaangalia ile ya tatu. Kliya hajatoa avansi, hajashika kitu.

Ukurasa wa pili ni vifaa. Bokali ya ml 200 inakula gramu kama 180, parfe ukiweka 8% ni gramu 13 hivi. Kwa hesabu karton ya soya ya kilo 10 inatoa buji 60 na inakula gramu 800 za parfe. Kwa kweli utapata 57 ao 58 juu ingine inabakia ku sufuria. Andika 57.

virunga_dev
Kwa nini hamusemi Odoo? Ni ya Wabelgiji, apu moja ni bure, inafanya stoki, utengenezaji, fakitire...

papa_stoki
Stoki na utengenezaji ni apu mbili, kaka. Na komande 40 kwa mwezi, unamuletea kamiyo ya kubeba kilo ya nyanya.

virunga_dev
Biashara inakomaa, atahama mara ngapi?

majengo_243
Mimi nabakia na kaye. Mega inaisha, umeme unaenda, kaye haina chaji.

neema_himbi
Ile ndiyo ilinifanya nibakie nayo mpaka leo.

mzee_wa_ndosho
Majengo, 2021 Nyiragongo ilipolipuka, tarehe 22 mwezi wa tano, halafu 27 wakatuambia tutoke mji, mimi nilikamata batoto na godoro nikaelekea Sake. Madeni ya bakliya wangu wote wa mitumba ilikuwa ku kaye, na kaye ilibakia juu ya meza. Haikuungua, nyumba haikuguswa. Lakini niliporudi watu wote walikuwa wamesahau wananidai nini, ao tuseme wamesahau mimi nawadai nini 😂 na mimi sikuipata ile kaye mpaka leo. Piga hata picha ya ukurasa kila jioni, ujitumie.

majengo_243
Picha sawa, hiyo nakubali.

kaka_shopify
Mimi ndiye yule kaka. Shopify inakupa saiti yako, stoki inajipunguza yenyewe mutu akinunua.

papa_stoki
Mutu akinunua na nini? Kliya wa Himbi analipa Airtel Money. Na wewe kila mwezi unalipa kwa kadi, komande ziendelee kuingia ku WhatsApp.

kaka_shopify
Diaspora wananunua.

ibanda_boy
Diaspora wa Bruxelles aagize buji kutoka Goma, usafiri utapita bei ya buji mara tano.

kaka_shopify
Analipa yeye, inapelekwa kwa mama yake Goma.

mama_kadutu
Hiyo si mbaya sana.

lushois_wa_kenya
Mie niko L'shi (Lubumbashi), minatengenezaka za nta ya nyuki, iko inavumilia joto kushinda soya. Mwezi wa kumi huku soya inatokaka jasho ya mafuta juu yake, bakliya banasema imeoza. Weye wa Goma uko na baraka ya baridi. Lakini andika tarehe ya kumwaga chini ya bokali, kama haiko ile, hata Sheets haijue gani inatoka mbele.

mama_kadutu
Nta ya nyuki na lavande hazipatani, inajinukia asali yenyewe.

lushois_wa_kenya
Weye unaweka lavande juu ya nini? Asali njo harufu.

mama_kadutu
Kliya ameomba lavande nimpe asali?

mtoto_wa_tanga
Huku kwetu tunafukiza udi, hakuna anayefanya mshumaa wa harufu hiyo?

neema_himbi
Aksanteni wote. Leo usiku nitamunyanganya mudogo ile namba, atanuna. Sheets nitajaribu, Loyverse nayo nimeishusha niione, sijaamua bado. Nimeanza kuhesabu vifaa vile papa_stoki alisema nikaona niko na bokali 112 na utambi 30. Utambi munatoa wapi hapa?

ibanda_boy
Bokali 112 ulipata wapi? Ni bei gani moja?

mama_kadutu
Na mimi nataka kujua. Ziko na mufuniko?