Naomba ushauri: maonyesho ya sanaa ndani ya lupango (uwanja wa nyumba), Katuba

Jambo wandugu, wakubwa kwa wadogo. Tuko vijana wachoraji hapa Lubumbashi, tunaandaa maonyesho ndani ya lupango huku Katuba. Hatutaki ukumbi: tunataka mama anayetoka sokoni aingie bila kuogopa mlango. Bienale ya Lubumbashi (maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili), iliyoanzishwa na chama cha wasanii kiitwacho Picha mwaka 2008, ilitufungua macho sana, ila sisi fedha hatuna.

Kazi nyingi ni michoro ya makala (makaa) juu ya makartoni, mingine ni mabati ya shaba. Tulizifunika kwa plastiki. Unyevu ukabaki ndani, makala yakachuruzika, shaba ikaanza kuota ukijani.

Tuzikinge vipi mvua hii, hewa ipite? Na ruhusa, tuanzie kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) au komini (manispaa)?