Jedwali la CFA kwenye R linakatika nikiprinti

BintiWete
Assalaam alaykum. Nipo Wete, Pemba. Nimewauliza kinamama wanaolima mwani Micheweni mambo manne, ndiyo au hapana: unalima cottonii (aina ya mwani), shamba lako lipo kwenye maji marefu, mwani ulipata weupe ukakatika, bado unalima. Michanganyiko 16. Nimeichambua kwenye R, programu ya takwimu, kwa kifurushi cha cfa (kinatazama mchanganyiko upi umetokea zaidi au kidogo kuliko ilivyotarajiwa), lakini nikiprinti, safu za mwisho zinashuka chini. Lebo zipo karatasi moja, safu ya `sig.chisq`, inayosema kama tofauti ni ya maana, karatasi nyengine. Jana nimekesha na rula na penseli nafuatisha namba za mistari. Jumamosi nawarudishia kinamama majibu yao. Walinipa muda wao huku bamvua linawasubiri, sitaki kuwapelekea jambo ambalo silo.

Kijana_Mkoani
Waalaykum salaam dada. Kabla ya kuprinti andika `options(width = 200)`, kisha geuza karatasi ilale.

MwalimuMstaafu
Upana ni jambo dogo, mwanangu. Hiyo `sig.chisq` unaisomaje? Inakwambia idadi iko mbali na iliyotarajiwa, haikwambii upande gani. Chukua mfano: walitarajiwa 12, wakapatikana 24, kai-skweya (kipimo cha umbali huo) ni 12. Walitarajiwa 27, wakapatikana 9, kai-skweya ni 12 vile vile! Wa kwanza ni taipu (wamezidi matarajio), wa pili ni antitaipu (wamepungua), na jedwali linapangwa kwa kai-skweya, kwa hiyo wote watakaa juu pamoja. Ongeza safu yako:

```
# matokeo: jina ulilohifadhia jibu la cfa
j <- matokeo$table
j$upande <- ifelse(j$n > j$expected,
                   "taipu", "antitaipu")
print(j[, c("label", "n", "expected",
            "p.chisq", "sig.chisq", "upande")],
      digits = 3, row.names = FALSE)
```

Safu sita tu, A4 inatosha. Na usizime Bonferroni (sahihisho la kupima mambo mengi kwa pamoja) ati upate TRUE nyingi kwenye `sig.chisq`. Kwa michanganyiko 16, mpaka wako wa `p.chisq` ni 0.05 gawa kwa 16, yaani 0.003125.

BintiWete
Ahsante sana mwalimu, na wewe kaka. Limeingia karatasi moja. Ule mstari wa juu kabisa, cottonii kwenye maji mafupi, hakuna weupe, bado analima, ni antitaipu. Mie nilishaandika kwenye ripoti kuwa wengi wapo hivyo, kumbe ni wachache kuliko ilivyotarajiwa. Sentensi nimeifuta. Jumamosi nitaanza na mstari huo, niwaulize wenyewe maji yale mafupi yanakuwaje jua likiwaka.