Naomba ushauri: uboho umegoma kuvutika, kipande cha mfupa peke yake kinatosha?

Habari wakuu wa maabara na wodi za damu. Naombeni ushauri kuhusu wagonjwa ambao sindano ya uboho wa mfupa inatoka kavu, yaani majimaji hayavutiki.

Majimaji ya uboho ndiyo yanayoonyesha vizuri sura ya seli moja moja, na ndiyo yanayopelekwa kupima kromosomu. Mvuto wa kwanza, wa slaidi, usizidi nusu mililita. Ukiendelea kuvuta, damu ya mishipa inaingia na asilimia ya blasti (seli changa za damu) inashuka kwa uongo. Kipande cha mfupa chenye uboho ndani kinaonyesha mpangilio: uboho umejaa seli au una seli chache, kuna nyuzi (makovu ndani ya uboho), limfoma (saratani ya tezi) imejificha wapi. Sindano kavu si lazima mvutaji awe amekosea. Mara nyingi ni nyuzi, au seli zimebanana mno.

Hapo kipande cha sentimita 2 hugusishwa taratibu kwenye slaidi kadhaa kabla ya kuingia kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi. Kichupa cha fomalini kikae mbali kabisa, maana mvuke wake unaharibu upakaji rangi wa slaidi.

Sasa, ukikata kipande kwenye tundu lile lile ulilovutia, kinatoka kimejaa damu. Je, kuhamisha sindano sentimita 1 kunatosha, au mnakata kwanza? Na kulainisha mfupa, yaani kutoa kalsiamu ili ukatike: asidi kali ni ya haraka lakini inaharibu DNA, EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu) inailinda ila ni ya polepole. Leukemia (saratani ya damu) ikishukiwa, na kipande ndicho sampuli pekee, mnachagua ipi?