Je, mwenye nyumba aombe kibali kabla ya kufunga inverta na betri?

Mwanzisha mada, Kisauni

Wenzangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Juzi stima ilipopotea mtaani kwetu, jirani aliniita nimshikie tochi. Alikuwa na jenereta ndogo uani, na mkononi ana waya wa mita tatu hivi, plagi huku na plagi huku, meno nje pande zote mbili. Ncha moja aichomeke kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima iwake. Nikamuuliza kama amezima swichi kuu. Akanijibu kwamba stima si imeshapotea, azime nini tena? Nikaizima mwenyewe, kisha nikamwomba anipe ule waya. Ninao hadi leo.

Sheria tunazo. Kanuni za Kenya za umeme wa jua za mwaka 2012 zinataka anayefunga mtambo awe na leseni: T1 kwa mitambo midogo, T2 kwa ya kati, T3 kwa mikubwa na ile inayounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo haimdai leseni ya uzalishaji mtu anayejizalishia umeme wake usiozidi megawati 1. Kwa hivyo fundi anabanwa, mwenye nyumba yuko huru. Na kila mara nchi inapoingia gizani, kama usiku wa Agosti 25, 2023, watu hukimbilia betri na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na swali hili hurudi.

Msimamo wangu ni huu. Kibali cha kuwa na betri nyumbani, hapana. Lakini pale mtambo unapokutana na waya unaotoka barabarani, lazima mtu mwenye leseni apakague na kuweka sahihi.

Fundi wa T2, Voi

Ndugu yangu, unasema fundi anabanwa. Mimi nilisoma, nikafanya mtihani, na leseni naihuisha kwa pesa zangu. Halafu kazi inachukuliwa na kijana aliyejifunza kwa video. Mteja haulizi leseni, anauliza "mwisho ngapi?"

Mkiongeza kibali, najua kitakachofuata. Mteja ataleta kazi iliyofungwa na mwingine, anataka sahihi yangu tu. Nimeshaletewa mara mbili, nikakataa, na wateja wote wawili wakaenda kwa atakayekubali.

Mwezi uliopita nilifungua inverta ya kilowati 5 inayotumia betri ya volti 48. Wati 5,000 gawanya kwa 48, unapita ampia 100. Waya niliokuta pale ulikuwa wa milimita 6 za mraba, unene wa kufungia jiko la umeme. Ganda lilikuwa limeshakuwa kahawia, na upande wa betri hapakuwa na fyuzi. Ule mtambo ulikuwa na karatasi, ina muhuri kabisa! Tumieni nguvu kumtafuta asiye na leseni, si kumwongezea foleni mwenye nayo.

Mama, Changamwe

Mwanangu analala na mashine ya oksijeni. Stima ilipotea Alhamisi usiku, tukampeleka hospitali kwa bodaboda nimemshikilia kifuani. Ijumaa nikakopa kwenye chama, Jumamosi betri ikafungwa. Mwaka juzi nilitafuta idhini ya kujenga choo tu, nikazungushwa wiki saba. Sasa hiyo ya betri ningengoja wiki ngapi? Mnaotaka kibali, nijibuni hilo kwanza.

Fundi wa laini, mstaafu

Mama, pole sana, Mungu amjalie mwanao afya. Usidhani nakupinga.

Nimepanda nguzo miaka 27, na ningependa mwelewe kinachotokea kule juu. Transfoma ya mtaani hushusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 415, na nyumba moja moja hupata 240. Ukisukuma 240 kutoka nyumbani bila kujitenga na laini, transfoma ile ile inaupandisha. Aliye kwenye nguzo anakutana na maelfu, na jenereta yenyewe inaweza kuwa ndogo ya kubebwa kwa mkono mmoja.

Mtaniambia tuwe tunapima. Tunapima! Tunazima, tunapima, kisha tunafunga waya wa ardhi kwenye laini kabla ya kugusa. Mwenzangu alipima Jumapili moja, kifaa kikasema hakuna kitu. Kabla hajafunga ule waya wa ardhi, mwenye bucha upande wa pili wa barabara akawasha jenereta yake. Mwenzangu yu hai, lakini mikono yake haifungi vifungo vya shati.

Inverta nzuri inayounganishwa na gridi hujizima yenyewe laini ikifa. Hiyo hainitishi. Kinachonitisha ni jenereta isiyo na swichi ya kubadilishia kati ya stima ya barabarani na jenereta, ile mafundi wanaita chenjiova, na inverta ambayo mtu ameipitishia njia ya mkato. Kwa hivyo mimi kibali nakitaka, walau tujue nyumba zipi zina chanzo cha pili.

Mpangaji, Bamburi

Na sisi wa fleti? Anayeomba ni mimi au mwenye nyumba? Jirani yangu ana betri nne za asidi chumbani, dirisha halifunguliwi kwa sababu ya mbu. Zikichajiwa hutoa hidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa hushika moto kwa cheche tu. Nikimweleza anasema chumba amekilipia.

Mwanzisha mada, Kisauni

Nimewasoma wote, na nimebadilika kidogo. Nilikuwa nataka ukaguzi uje kabla ya kuwasha. Mama wa Changamwe amenionyesha kosa langu. Basi mtu afunge kwanza, kwa fundi mwenye leseni, kisha aarifu ndani ya siku 14, bila malipo, kwa simu. Anayetaka kurudisha umeme kwenye gridi ni habari nyingine. Huyo kanuni za mwaka 2024 tayari zinamtaka aombe, na ni haki.

Fundi wa Voi, nakubali kwamba sahihi inauzwa. Kwa hivyo fundi asaini kazi ya mikono yake tu, namba ya leseni iandikwe kwenye boksi la inverta, na wakaguzi wazitembelee baadhi ya nyumba bila taarifa. Waya kama ule wa milimita 6 ukikutwa, leseni iondoke. Mpangaji, kwa maoni yangu aarifu anayekaa na betri, na mwenye jengo asiruhusiwe kumzuia anayefuata kanuni. Lakini betri za asidi kwenye chumba cha kulala zipigwe marufuku kabisa, hilo sioni la kujadili.

Chenjiova iwe lazima kwa kila jenereta inayolisha nyaya za nyumba. Na kuwe na kibandiko kinachosema nyumba hii ina chanzo cha pili. Mzee wa laini, wewe ndiye uliyekuwa ukipanda: kikae kwenye mita au kwenye nguzo?

Fundi wa laini, mstaafu

Kwenye nguzo, kijana wangu. Mita mara nyingi iko ndani ya geti, na geti limefungwa.