Mrejesho: upepo unaotikisa helmeti kwenye pikipiki ya safari

Wakuu, niliuliza namna ya kupunguza upepo unaopiga helmeti kuanzia spidi 80 barabara ya Morogoro, ingawa kioo cha mbele ni kirefu. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Tatizo kubwa lilikuwa chini. Nyuma ya kioo mgandamizo wa hewa hushuka, kwa hiyo upepo unaopita kwenye shokapu za mbele unavutwa juu, kati ya tangi na usukani, mpaka kidevuni. Vikinga viwili vya plastiki ngumu ya milimita 4, kimoja kila upande wa shokapu, vimeuondoa karibu wote. Kabla ya kukaza, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha kandamiza pikipiki shokapu zizame: kikinga kisiguse tangi, nyaya wala paipu ya breki.

Juu ya kioo nimeongeza kikinga kidogo cha kubana, nikaacha upenyo wa sentimita 2 hivi kati yake na kioo. Ukiuziba, mtikisiko unarudi. Boliti ziwe na washa za raba na nati zenye nailoni ndani. Usitumie gundi ya nati, hupasua polikaboneti (aina ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo). Nyuma ya malori helmeti bado inatikisika, hapo dawa ni kuacha nafasi.