Bakteria wanaoshinda mnyauko wa viazi kwenye sahani lakini wanashindwa kwenye chungu: tatizo liko wapi?

Mwanafunzi wa Njoro

Hamjambo wote. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mnyauko wa viazi unaoletwa na bakteria aitwaye Ralstonia, ugonjwa ambao mkulima yeyote wa Molo au Kuresoi anautambua kwa macho: shina hulegea jua linapokuwa kali huku majani yakiwa bado ya kijani, na kiazi kikikatwa huonyesha pete ya kahawia inayotoa ute mweupe. Nimechukua udongo ulioshikamana na mizizi ya mimea iliyobaki na afya katikati ya shamba lililonyauka, nikatenga humo bakteria wa jamii za Bacillus na Pseudomonas. Kwenye sahani ya agari, yaani rojo gumu la kukuzia bakteria maabara, baadhi yao humzuia Ralstonia kabisa. Hata hivyo, nilipopaka bakteria hao kwenye mbegu na kuzipanda kwenye vyungu vya udongo uliotiwa ugonjwa, miche ilinyauka karibu sawa na ile ambayo haikupakwa chochote. Mwalimu anayenisimamia anapendekeza niongeze wingi wa bakteria katika kipimo, lakini mimi nina shaka kama shida ni wingi. Naomba ushauri wa waliowahi kulifanyia kazi jambo hili.

Mtafiti, Kisumu

Shaka yako ina msingi. Sahani ya agari ni karamu: chakula ni tele, hakuna mshindani mwingine, na bakteria aliyeshiba hutengeneza viuavijasumu kwa wingi. Udongoni chakula ni haba na majirani ni wengi, kwa hiyo uwezo huo unaweza usijitokeze kabisa. Lililo muhimu zaidi ni kama bakteria wako anakaa kwenye mzizi, hasa mahali mizizi midogo inapochipukia, kwa sababu Ralstonia huingilia kwenye nyufa hizo na kwenye majeraha, kisha akaziba mirija ya maji kwa ute wake. Asiyefika hapo mapema hana msaada, hata kama duara tupu alilomzuilia Ralstonia kwenye sahani lilikuwa kubwa kuliko yote.

Ningekuwa wewe, ningeanza kwa kuwapa bakteria alama, yaani kuchagua kutoka kwao wale waliozoea kuishi kwenye rifampisini, kiuavijasumu kinachoua bakteria wengi wengine. Baada ya kupanda, ng'oa miche michache kila baada ya muda fulani, osha mizizi, kisha hesabu ni wangapi wenye alama wamebaki. Wakikosekana kabisa, kuongeza kipimo kutakuwa kumwaga maji kwenye mchanga. Na usiwatupe waliofanya vibaya kwenye sahani, kwani wapo wasioua chochote ila huamsha kinga ya mmea wenyewe, na hao kipimo cha sahani hakiwezi kuwaona.

Fundi wa maabara, Kakamega

Naungana na mtafiti wa Kisumu, ila ningeuliza kwanza kuhusu Ralstonia wenyewe. Wakihamishwa mara kwa mara kutoka sahani hadi sahani hupoteza ukali wao. Mtafiti Kelman alionyesha mwaka 1954 namna ya kuwatofautisha kwenye agari yenye rangi ya tetrazolia: wakali huota wakiwa majimaji, weupe, wasio na umbo kamili, wenye waridi katikati, ilhali waliodhoofika huwa vidoa vidogo vyekundu vilivyokoza. Usiwahifadhi kwenye jokofu la kawaida, kwani baridi huwafanya wakatae kuota. Wakiwekwa kwenye maji yaliyochemshwa kuua viini, katika joto la chumbani, hudumu muda mrefu.

Kwa upande wako miche ilinyauka, kwa hiyo ukali upo. Hilo linanifanya nitazame mbegu. Katika nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000, kiazi kinaweza kubeba Ralstonia ndani bila dalili yoyote, na ikiwa mbegu yako ilinunuliwa sokoni, huenda adui alikuwa ndani kabla hujapaka chochote nje. Hakuna bakteria wa kupakwa juu ya ganda atakayeponya hilo. Tumia mbegu iliyothibitishwa, na uweke chungu kimoja cha udongo safi usiotiwa ugonjwa: kikinyauka, umepata jibu. Weka pia chungu kilichopewa mchuzi wa kukuzia (maji ya chakula wanamokuzwa bakteria) bila bakteria, maana wakati mwingine mchuzi wenyewe ndio unaobadilisha matokeo.

Afisa wa kilimo, Kuresoi

Mimi si mtu wa maabara, lakini ukifika shambani kumbuka kwamba ugonjwa huu hautandazwi sawasawa. Huanza kwa viraka, mara nyingi upande maji yanakotelemkia, na ukiweka vipande vya majaribio bila kulizingatia hilo utasifu dawa ambayo imepata tu kona nzuri. Panga vipande kwa makundi yanayofuata mteremko. Angalia pia viazi maotea na managu, kwani managu ni jamaa ya kiazi na anaweza kuhifadhi ugonjwa, na wengi wetu huyaacha shambani kwa ajili ya mboga hata mwaka ambao tumebadilisha na kupanda mahindi.

Mwanafunzi wa Njoro

Asanteni sana. Mbegu niliyotumia ni ya aina ya Shangi, ya sokoni, kwa hiyo swali la fundi limenigusa. Je, kuna njia ya kuitambua mbegu yenye ugonjwa uliofichika bila kusubiri ipandwe?

Fundi wa maabara, Kakamega

Kukata shina na kulitia kwenye glasi ya maji masafi hadi nyuzi nyeupe kama maziwa zishuke hufaa kwa mmea unaonyauka, si kwa mbegu iliyotulia. Kwa mbegu, chukua kipande chembamba cha sehemu ya kitovu, pale kiazi kilipoungana na mmea mama, changanya vipande vya viazi kadhaa katika sampuli moja, kisha pima kwa kingamwili au kwa kukuza vinasaba. Kwa kuwa bakteria wanaweza kuwa wachache sana, loweka sampuli kwanza kwenye mchuzi wa kuwachagua, yaani unaowakuza Ralstonia na kuwazuia wengine, kwa siku mbili kabla ya kupima.